Kijana Asiyejua Atakalo, Achague Chuo Gani?

Twaulizwa neno ambalo babu zetu hawakuulizwa. Zamani kijana alipotoka shuleni alirudi shambani, au alishika kazi ya baba yake, au alikwenda mahali walimu walipomwona anafaa. Habari ya kuchagua ilikuwa ndogo. Lakini sasa wako watoto wa sharika zetu waliozaliwa au kukulia Marekani, katika Minnesota na Texas na penginepo, ambao wazazi wao walitoka Moshi, Bukoba, Iringa au Singida. Watoto hao wafikapo mwaka wa mwisho wa sekondari, umri wao wapata miaka 17, huwekewa mbele yao vyuo vya miaka minne zaidi ya elfu mbili, nao huambiwa: Chagueni. Na jamaa walioko huku nyumbani hupigiwa simu usiku waombwe shauri, maana shauri la mtoto halikuwa kamwe la watu wawili tu.

Kwa kijana ajuaye atakalo, kazi hii ina taabu, walakini ina njia. Atakaye uuguzi huvitazama vyuo vifundishavyo uuguzi. Atakaye kujenga madaraja huvitazama vyuo vya uhandisi. Sisi twamfikiri yule mwingine, ambaye ukimwuliza, "Mwanangu, wataka kuwa nani?" hutazama chini. Alama zake ni nzuri, adabu anayo, wala si mvivu. Ila hajui. Basi, je, yawezekana kumtafutia mtu kitu kimfaacho, naye mwenyewe hajui atakalo?

Kwanza yatupasa kumwondolea kijana huyo aibu asiyostahili. Katika Uingereza, na katika nchi zetu za Tanzania na Kenya zilizofuata desturi zake, mwanafunzi haombi kuingia chuoni tu. Huomba kozi fulani, na akiisha kupokewa katika kozi ya sheria, basi ni mwanafunzi wa sheria tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo kwetu asiyejua atakalo huonekana kama msafiri aliyefika stesheni bila kujua aendako. Huko Marekani mambo ni mengine. Vyuo vingi humpokea mwanafunzi kama mwanafunzi wa chuo, akasoma masomo ya namna namna, na somo lake kuu hulitaja baadaye, mara nyingi kabla ya kwisha mwaka wa pili. Wala wale waliolitaja mapema hawasimami imara kama wadhaniwavyo. Idara ya elimu ya serikali ya Marekani ilitoa taarifa mwaka 2017, ya kwamba katika kila wanafunzi 100 waliokwisha kutaja somo kuu, wapata 30 walilibadili walau mara moja katika miaka mitatu ya kwanza. Basi asemaye "Sijui" pengine amesema tu kwa sauti neno ambalo mwenzake atalisema mwaka ujao.

Hata hivyo tusiwachanganye watu wasiofanana. Yuko asiyejua kwa sababu hajaona: kwake daktari, mwalimu na dereva wa lori ndizo kazi alizozishuhudia kwa macho. Yuko asiyejua kwa sababu apenda mengi, na kila kitabu akifunguacho chamvuta. Tena yuko yule ambaye kwa kweli hataki kwenda chuo mwaka huu, naye aogopa kulitamka neno hilo mbele ya mama yake aliyefanya kazi zamu mbili ili yeye asome. Huyu wa mwisho kumpa orodha ya vyuo ni kumpa dawa ya ugonjwa asio nao. Vyuo vingi humruhusu aliyekwisha kupokewa kukaa nje mwaka mmoja, akafanye kazi, ndipo aingie. Na mwaka mmoja wa kazi si mwaka uliopotea. Lakini lazima kwanza asikilizwe.

Sasa tueleze jinsi washauri wa huko wavipangavyo vyuo. Huviweka katika makapu matatu: vyuo vya kujaribu, ambavyo kupokewa ni jambo la bahati, vyuo vya kadiri yake, ambavyo kijana mwenye alama kama zake hupokewa mara nyingi, na vyuo vya akiba, ambavyo karibu ni yakini. Kapu la katikati ndilo lenye kazi, na ndilo lisahauliwalo, maana kijana huota la kwanza na wazazi hutulia kwa la tatu. Kulijaza si uchawi. Kila mwaka vyuo vingi hutangaza hati iitwayo Common Data Set, nayo husomwa bure kwa intaneti. Humo mtu aona wangapi waliomba, wangapi walipokewa, na alama za ile nusu ya katikati ya walioingia. Ikiwa alama za kijana zaangukia humo, na chuo chenyewe hupokea sehemu kubwa ya waombao, basi chuo hicho ni cha kadiri yake. Lakini chuo kipokeacho watu wachache sana, kama Harvard ambacho kwa miaka hii hupokea chini ya watu 5 katika 100, si cha kadiri ya mtu awaye yote, hata mwenye alama zote. Hicho kikae katika kapu la kujaribu.

Mpaka hapo ni hesabu, nayo hesabu yaweza kufanywa jioni moja. Lakini haijalijibu swali letu. Alama zamwambia kijana ni nani watakaompokea. Hazimwambii ni nani amfaa.

Mwaka 1962 wataalamu wawili wa hesabu wa Marekani, David Gale na Lloyd Shapley, waliandika makala fupi juu ya vyuo na ndoa, wakiyaweka mambo hayo mawili pamoja. Waliuliza: Vijana wengi na vyuo vingi, twaweza kuwapatanisha namna gani hata pasiwepo kijana na chuo ambao wangependana kuliko walivyopata? Wakaonyesha njia. Kila kijana na apeleke ombi kwa chuo akipendacho kwanza. Chuo kiwashike kwa muda wale kiwapendao kwa kadiri ya nafasi zake, na wengine kiwakatae. Waliokataliwa waende kwa chuo cha pili katika orodha yao. Na chuo kikipata aliye bora kimwachilie aliye chini. Hivyo hivyo mpaka hakuna tena akataliwaye mwenye mahali pa kwenda. Walithibitisha ya kuwa mwisho wake huwa na utulivu. Shapley alipewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2012 pamoja na Alvin Roth, aliyeitumia elimu hiyo katika kuwapangia madaktari hospitali zao na watoto shule zao.

Twaistaajabia akili hiyo, na mzee yeyote aliyepata kuwa mshenga ataitambua mara moja. Lakini angalieni neno moja ambalo njia hiyo yote yasimama juu yake: kila mtu ana orodha. Ajua apendacho kwanza, na cha pili, na cha tatu. Mwondoe huyo mwenye orodha, umweke kijana wetu atazamaye chini, na hesabu yote yanyamaza. Tena mwanafalsafa L. A. Paul, katika kitabu chake cha mwaka 2014, alilisukuma jambo hili mbele zaidi. Asema yako mambo maishani yanayombadili mtu, hata yale ayapendayo. Na kabla hayajampata hawezi kujua yatakuwaje kwake, wala yeye atakuwa nani baada yake. Chuo chaweza kuwa jambo la namna hiyo. Kijana wa miaka 17 amchagulia mtu wa miaka 22 ambaye hajakutana naye bado.

Hapo wengine husema: Basi kwa kuwa hajui, na aende penye jina kubwa, jina halidanganyi. Sisi twaona kwamba jina hudanganya sana. Gazeti la U.S. News lilianza kuvipanga vyuo kwa daraja mwaka 1983, na tangu hapo watu wengi husoma daraja hizo kana kwamba zimeshuka mbinguni. Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Columbia katika New York kilikuwa kimewekwa cha pili kwa daraja katika nchi nzima. Ndipo mwalimu wake mmoja wa hesabu, Michael Thaddeus, akazichungua takwimu ambazo chuo chake mwenyewe kilizipeleka, akaonyesha hadharani kwamba nyingine hazikuwa sawa. Chuo kikakiri kwamba baadhi yake zilikosewa, na mwezi wa Septemba mwaka huo huo kikashuka hadi daraja la 18. Walimu wake hawakuwa wamepungukiwa akili katika miezi ile michache, wala maktaba yake haikuteketea. Ikiwa daraja laweza kuanguka hatua 16 na darasa lisijue, basi daraja lile halikuwa likipima darasa.

Wala faida ya jina si ya hakika kama isemwavyo. Stacy Dale na Alan Krueger walitoa uchunguzi mwaka 2002 juu ya watu walioingia vyuoni mwaka 1976. Waliwalinganisha waliopokewa na vyuo vikubwa wakaenda, na wenzao waliopokewa vilevile wakaenda kwingine. Wakaona mapato yao ya baadaye yalikaribiana. Lakini, na neno hili lisifichwe, watoto wa nyumba maskini walipata faida kwa kwenda vyuo vile vikubwa. Kwa hiyo hatusemi kijana wa mhamiaji ajinyime. Akiwa na alama, na aombe, maana baadhi ya vyuo vyenye jina vina mali nyingi, na mtoto wa maskini huwagharimu wazazi wake kidogo huko kuliko chuo cha karibu. Twakataa tu jina lisimame mahali pa jibu.

Na tumtazame Martin Luther, kwa kuwa sharika zetu huitwa kwa jina lake, na habari zake zaligusa jambo hili. Baba yake Hans, mtu wa machimbo ya shaba, alimtakia mwanawe kazi ya sheria, naye alikuwa amegharamia masomo kwa jasho lake. Mwaka 1505 Martin alipata shahada yake ya pili huko Erfurt, akaanza sheria kama alivyotakiwa. Mwezi wa Julai mwaka huo radi ilimshtua njiani karibu na Stotternheim, akaweka nadhiri ya kuwa mtawa, na baada ya siku chache akaingia nyumba ya watawa, baba yake akighadhibika. Mwaka 1521, katika kitabu alichoandika juu ya nadhiri za watawa, akamwandikia baba yake kwa unyenyekevu, akikubali kwamba nadhiri ile ilizaliwa na hofu. Basi, nani alichagua vema, mzee au kijana? Sheria iliachwa baada ya majuma machache, na utawa nao uliachwa baadaye. Lakini Kilatini, mantiki na mazoezi ya kujadiliana, aliyoyapata Erfurt kabla ya kujua atakuwa nani, hayo hakuyaacha kamwe, tena bila hayo asingeweza kuitafsiri Biblia. Wazazi wapendao kusema "Mwanangu lazima awe daktari" wayatafakari hayo. Na vijana wangojeao radi iwaambie la kufanya, nao wayatafakari.

Kutokana na hayo twajipa ujasiri wa kusema rai yetu. Kwa asiyejua atakalo, chuo kimfaacho ni kile ambamo kosa la mwanzo laweza kurekebishwa. Tusitafute mlango unaoelekea chumba kimoja tu, hata kama chumba hicho ni kizuri. Rai hii si pana tu. Ina maswali yake ya kuuliza, nayo yana majibu.

Swali la kwanza ni kama milango ya ndani iko wazi. Katika vyuo vikuu kadha wa kadha vya serikali, aingiaye bila somo hawezi baadaye kuhamia uuguzi, uhandisi au elimu ya kompyuta kwa urahisi, maana nafasi hizo hugawiwa mapema. Kijana ambaye moyo wake wasitasita kati ya historia na uhandisi, na aulize kabla ya kuomba, si baada ya kufika. Vyuo vingine vimeweka mahali maalumu pa wasioamua. Purdue katika Indiana, kwa mfano, kina programu yake ya watu hao pamoja na washauri wao.

Tena kuna tofauti ya mafundisho yenyewe, na hapa twapenda kukaa kidogo, maana ni jambo zuri kulifikiri. Chuo Kikuu cha Brown, tangu mwaka 1969, humwachia mwanafunzi ajipangie masomo yake karibu yote, pasipo orodha ya masomo ya lazima kwa wote. Chuo cha St. John's katika Annapolis, tangu mwaka 1937, hufanya kinyume: wanafunzi wote husoma vitabu vilevile vikuu, tangu Wayunani wa kale, wala hakuna somo kuu la kuchagua. Vyote viwili vyasema vyamfaa asiyeamua! Nasi twaona vyote viwili vyasema kweli, lakini si kwa mtu yule yule. Yule apendaye mengi atafurahi Brown, au mahali pa namna hiyo palipo pa kadiri yake. Yule ambaye hajaona, uhuru mwingi utamlemea. Mchagua nazi hupata koroma, na asiyezijua nazi ndiye wa kwanza. Huyo ahitaji kuandaliwa meza na watu wengine kwa mwaka mmoja au miwili, aonje asiyoyajua, ndipo aulizwe apendacho.

Swali jingine: chuo hufanya nini mtu akianguka? Ile hati tuliyoitaja yaonyesha ni wangapi katika waliokuja mwaka wa kwanza walirudi mwaka wa pili, na wangapi walimaliza katika miaka sita. Tarakimu hizo mbili zatupendeza kuliko daraja zote za magazeti. Chuo ambacho watu wengi hawarudi chajua kupokea, hakijui kutunza.

Na fedha je? Wengine huona aibu kuitaja palipo na habari za wito na elimu. Sisi hatuoni aibu, maana deni ndilo lifungalo milango ile tuliyotaka iwe wazi. Mwenye deni kubwa hachagui ualimu, hachagui kuhudumia wazee, hachagui hata kubadili somo, kwa kuwa mwaka wa tano hana wa kuulipia. Mkopo wa serikali kwa mwanafunzi ategemeaye wazazi una kikomo: dola 5,500 mwaka wa kwanza, na dola 31,000 kwa miaka yote. Kinachozidi humwangukia mzazi. Kwa hiyo asiyejua atakalo, kuliko wote, asinunue kutojua kwake kwa bei ghali. Tangu mwaka 2011 vyuo vinavyopata fedha za serikali vyalazimishwa na sheria kuweka kwenye intaneti kikokotoo, ambacho mzazi akiandika mapato yake huonyeshwa makadirio ya atakacholipa kwa kweli, nacho mara nyingi hupungua sana chini ya bei itangazwayo. Familia na ifanye hesabu hiyo kabla kijana hajapenda majengo. Wako pia waanzao katika chuo cha miaka miwili karibu na nyumbani, kwa ada ndogo, kisha huhamia chuo kikuu. Ni njia ya heshima, ila wahakikishe kwa maandishi ni masomo gani yatakayohesabiwa waendako.

Wasomaji wengine watauliza habari za vyuo vya Walutheri wenzetu, kama Luther College cha Iowa kilichoanzishwa mwaka 1861, Gustavus Adolphus cha mwaka 1862 na St. Olaf cha mwaka 1874, vyote viwili vya Minnesota. Ni vyuo vyema, vidogo, ambamo mwalimu hulijua jina la mwanafunzi, na hilo lamsaidia sana asiyeamua. Lakini vipimwe kwa maswali yale yale. Jina la Luther juu ya mlango halimfundishi mtu kemia.

Limesalia jambo ambalo latuhuzunisha kuliko mengine. Fomu itumiwayo na vyuo zaidi ya 1,000 humtaka kijana aandike habari zake kwa maneno yasiyozidi 650. Na watu humwambia asiyeamua: Usiseme hujui, sema tangu utotoni ulitamani kuponya wagonjwa. Basi mtoto hutunga wito asioitiwa. Twasema wazi kwamba huo ni uongo, tena una hasara mbili: hulidanganya shirika la watu watakaomlea, na humzoeza kijana kulisikia jibu la uongo kwa sauti yake mwenyewe mpaka asiweze kulitafuta la kweli. Wala hapana haja. Fomu zenyewe zina mahali pa kuandika kwamba hajaamua, na kijana aelezaye kwa uaminifu kitabu kilichomkosesha usingizi, au jinsi alivyowafasiria wazazi wake barua za hospitali, amesema habari zake kuliko mwenye wito wa kutungwa.

Kadhalika na ahadi. Iko njia ya kuomba mapema, mara nyingi kufikia tarehe 1 Novemba, ambayo kijana huahidi kwamba akipokewa atakwenda huko na kuyaondoa maombi mengine yote. Hufunguliwa tu ikiwa msaada wa fedha hautoshi. Nafasi ya kupokewa mara nyingi huwa kubwa zaidi kwa njia hiyo, ndiyo maana inavuta. Lakini asiyejua atakalo ataahidi nini? Huyo na aombe kwa njia ya kawaida, ambayo tarehe zake huwa karibu na mwanzo wa Januari, avitembelee vyuo viwili vitatu akiweza, akae nyuma darasani asikilize, apewe muda mpaka tarehe 1 Mei, ambayo kwa desturi ndiyo siku ya kujibu.

Na ninyi walimu wa sharika na wazee mtaombwa barua za kumshuhudia kijana. Msiandike kwamba ana wito mkuu ikiwa hamjauona. Andikeni mliyoyaona: kwamba alifika kwaya kwa wakati miaka mitatu, kwamba aliwafundisha watoto wadogo nao wakamwelewa, kwamba huuliza maswali baada ya mahubiri. Kisha mwiteni mtoto mwenyewe, mkamsomee barua ile kabla haijapelekwa. Wengi wao hawajapata kuambiwa na mtu mzima ni mambo gani wanayoyafanya vema.